"Alifariki Ghafla": Neno Linalotufumba Macho



Katika misiba ya mwambao wetu wa Nyasa, kuanzia Lituhi, kupitia Mbaha, hadi Liuli na Mbamba Bay, imo sentensi moja ambayo haikosekani katika historia ya marehemu inayosomwa kando ya kaburi. Husemwa: "Marehemu hakuwa mgonjwa, alianguka tu, akafariki ghafla." Wote tunatikisa vichwa. Udongo unarudishwa, misalaba inasimikwa, na tanga likiisha tunarudi kwenye nyavu na kwenye mashamba ya mihogo. Kijitabu hiki kimeandikwa ili kuipinga sentensi hiyo. Tunaipinga kwa kuwa mara nyingi si ya kweli, na kwa kuwa uongo unaosemwa juu ya wafu hulipwa na walio hai.

Tunazungumzia hasa ugonjwa wa kiharusi, ule unaompooza mtu upande mmoja, unaompinda mdomo na kumnyang'anya maneno, na mara nyingi kumwua. Tunadai jambo moja tu: kiharusi kwa kawaida si cha ghafla. Kina historia ya miaka mingi, na historia hiyo imeandikwa ndani ya moyo wa mgonjwa. Sayansi ya kupiga picha za moyo na ubongo imetuonyesha maandishi hayo. Yeyote ayajuaye na kunyamaza, awe kiongozi wa serikali, mtaalamu au kiongozi wa Kanisa, ana la kujibu mbele ya Mungu na mbele ya haki.

1. MTU TUNAYEMFAHAMU SOTE

Tumchukue mtu ambaye hatumtaji jina, kwa sababu yumo katika kila kijiji. Umri wake ni miaka 56. Ni mvuvi wa usipa. Hana homa, hana kikohozi, wala hajalazwa hospitali tangu utoto wake. Anapopanda kutoka ufukweni kwenda nyumbani hutweta kuliko zamani, naye hucheka akisema ni uzee. Hajawahi kufungwa mkononi kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, maana mtu haendi zahanati kabla ya kuumwa.

Alfajiri moja, katikati ya maji, mkono wake wa kulia unaliachia kasia. Wenzake wanamwita, naye anajibu kwa sauti isiyo na maneno. Wanamrudisha pwani, wanambeba. Kabla jua halijawa kali, kijiji kizima kimekwisha kupata maelezo mawili. La kwanza ni kwamba ni ghafla, ni mapenzi ya Mungu. La pili husemwa kwa kunong'ona, nalo ni kwamba yuko mtu aliyemtengeneza.

Maelezo yote mawili yana faida moja kubwa kwa wakubwa na kwa wadogo: hayamdai mtu yeyote kazi yoyote. Akisemwa kuwa ameuawa na mchawi, zahanati haina swali la kujibu. Akisemwa kuwa amechukuliwa na Mungu bila taarifa, halmashauri ya kijiji, halmashauri ya wilaya, parokia na jamaa zake wote wamesamehewa kabla ya kuhojiwa.

2. PICHA ZIMETUONYESHA NINI

Kwa karne nyingi binadamu aliweza kuuona moyo na ubongo kwa njia moja tu, nayo ni kumpasua mtu aliyekwisha kufa. Katika karne ya 19 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alionyesha kwamba bonge la damu iliyoganda huweza kusafiri ndani ya mishipa na kuziba mahali palipo mbali na lilikotoka. Lakini moyo wa mtu aliye hai ulibaki umefichika.

Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walitumia mwangwi wa sauti isiyosikika kwa sikio kuuona moyo ukipiga ndani ya kifua. Kipimo hicho leo huitwa eko. Mwaka 1971, katika hospitali moja ya London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya siti-skani iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Tena tusisahau kwamba hesabu zilizofungua njia kwa picha za namna hiyo zilianza kufikiriwa hapa Afrika. Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianza kulitafakari jambo hilo mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Mwaka 1979 yeye na Hounsfield walitunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba elimu hii ni ya wageni, haituhusu.

Basi picha hizo zimeonyesha nini? Zimeonyesha kwamba moyo na ubongo si majirani tu, bali ni kama watu wawili katika mtumbwi mmoja. Shinikizo la damu likiwa juu mwaka hadi mwaka, chumba cha kushoto cha moyo, ambacho ndicho kinachosukuma damu mwilini, hulazimika kufanya kazi kwa nguvu zaidi. Misuli yake hunenepa kama inavyonenepa mikono ya mpiga kasia. Lakini unene huo si afya. Ukuta wa moyo hukakamaa na kushindwa kulegea vema ili upokee damu. Chumba cha juu yake hutanuka. Kikitanuka, mapigo huweza kupoteza mpangilio wake, na damu, badala ya kupita, hutuama kwenye kipembe cha chumba hicho kama maji ya ghubani yanayokusanya takataka. Hapo huganda. Siku bonge hilo liking'oka, husukumwa kwenda juu, likaziba mshipa wa ubongo. Huo ndio mkono ulioliachia kasia.

Njia nyingine haihitaji bonge kutoka moyoni. Shinikizo lile lile huvidhoofisha vijishipa vya ubongo vyenyewe, vikaziba au vikapasuka. Mara nyingi picha ya ubongo wa mtu aliyeanguka leo huonyesha makovu madogo ya zamani, yaani viharusi vidogo ambavyo yeye mwenyewe hakuvitambua. Mtu huyo tulisema hakuwahi kuumwa.

Yako pia mapigo yanayoanza utotoni. Mtoto huumwa koo, hatibiwi, kisha hupata homa ya baridi yabisi inayoharibu milango ya moyo. Miaka inapita. Anakuwa mama kijana, na siku moja anapooza katika umri ambao hakuna anayetarajia kiharusi. Eko ingeuonyesha mlango ule uliokunjamana, na kabla ya eko, penisilini ingeuokoa.

Wala njia haiendi upande mmoja tu. Ubongo ukijeruhiwa, moyo nao huyumba, kwa maana sehemu za ubongo ndizo zinazosaidia kuongoza mapigo. Ndiyo sababu mgonjwa wa kiharusi anapaswa kupimwa moyo pia, na mgonjwa wa moyo kulindwa asipate kiharusi.

Haya si mawazo ya mtu mmoja. Katika mji wa Framingham nchini Marekani, wananchi wamefuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1948. Mwaka 1991 ilitangazwa kutokana na utafiti huo kwamba mtu mwenye aina ile ya mapigo yasiyo na mpangilio yumo katika hatari ya kiharusi karibu mara tano kuliko mwenzake. Mwaka 1994 ilitangazwa kwamba miongoni mwa wazee waliopimwa kwa eko, wale ambao misuli ya chumba cha kushoto cha moyo ilikuwa imenenepa zaidi ndio waliopatwa zaidi na kiharusi katika miaka iliyofuata. Ndugu msomaji, zingatia mpangilio huo: picha kwanza, kiharusi baadaye. Kinachoweza kuonekana miaka kabla ya kutokea hakistahili kuitwa ghafla.

3. USHAHIDI WA NCHINI KWETU

Mtu aweza kusema: hayo ni ya Wamarekani wanaokula nyama kila siku, sisi tunakula ugali wa muhogo na samaki, tunatembea kwa miguu. Tumjibu kwa ushahidi wa Tanzania.

Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti, wakiongozwa na daktari Richard Walker, waliwatafuta wagonjwa wote wa kiharusi katika eneo moja la Dar es Salaam na katika wilaya ya vijijini ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Hawakungoja hospitalini; walitumia pia watu wa vijijini na mitaani waliotoa habari za wagonjwa na za waliofia nyumbani. Walipata wagonjwa 636: Dar es Salaam 453 na Hai 183. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Idadi hiyo ya Dar es Salaam ni miongoni mwa zile za juu zilizopata kuandikwa duniani. Na utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2013, ulilinganisha wagonjwa hao na watu wasio na kiharusi. Katika Hai, kijijini kabisa, waliokuwa wamewahi kupatwa na tatizo la moyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kiharusi, na shinikizo la damu nalo lilikuwa miongoni mwa visababishi. Hao ni wakulima wa Kitanzania, si Wamarekani.

Huko huko Hai wazee wa miaka 70 na zaidi walipopimwa, karibu watu 7 kati ya 10 walikuwa na shinikizo la damu lililo juu. Na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, kiasi cha mmoja kati ya wanne walikuwa nalo.

Tena Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa kazi walichunguzwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 45, ilikuwa shinikizo la damu. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Huo ni umri wa mtu ambaye bado anasomesha watoto, bado anaezeka nyumba, bado anaingia ziwani.

Basi hatuwezi kusema hatukujua. Taifa limejua.

4. TUNAOPINGANA NAO

Wa kwanza ni wapiga ramli, pamoja na Wakristo wanaokwenda kwao usiku na kupokea Komunyo asubuhi. Mwambao huu unayajua mambo haya tangu siku za mchapi katika miaka ya 1930, walipopita watu wakinywesha dawa ya kuwafichua wachawi. Matunda yake hayakuwa afya bali uadui. Nchini mwetu wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928 inamhesabia kosa mtu amtajaye mwenzake kuwa mchawi. Picha ya eko ni shahidi wa utetezi wa bibi huyo anayesingiziwa. Inasema: ukuta wa moyo huu ulianza kunenepa miaka mingi iliyopita, yeye hakuhusika. Anayemtaja jirani kwa kiharusi cha ndugu yake anashuhudia uongo, na amri ya Mungu juu ya ushuhuda wa uongo anaijua tangu katekisimu. Wanafunzi walipomwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, Bwana aliukataa msingi wa swali lenyewe.

Wa pili ni wale wanaosema ni mapenzi ya Mungu. Nao tunawaheshimu, kwa maana wengi husema hivyo kwa huzuni na imani. Lakini lazima tuseme wazi: si haki kumbebesha Mungu lawama ya kitambaa cha kupimia presha ambacho hakikununuliwa. Kifo ni fumbo, ndiyo. Lakini kidonge kilichokosekana si fumbo. Baba Mtakatifu Yohane wa 23, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliihesabu huduma ya matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Haki iliyonyimwa haiwi mapenzi ya Mungu kwa kuwa tu imenyimwa kwa muda mrefu.

Wa tatu ni wale wanaosema: leteni mashine, matatizo yataisha. Hawa husikika zaidi nyakati za kampeni. Hatukatai kwamba nchi imepiga hatua. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza kazi mwaka 2015, na huduma nyingi zilizokuwa zikifuatwa India sasa zinapatikana Dar es Salaam. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ilitengwa kununua mashine za siti-skani kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Tunashukuru. Lakini tuhesabu pamoja. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na ni baada ya picha kuthibitisha kwamba mshipa umeziba, haukupasuka. Maana kwa mshipa uliopasuka dawa hiyo huua. Sasa mchukueni mvuvi wetu kutoka majini hadi pwani, kutoka pwani hadi apatikane mwenye gari, kutoka hapo kupanda milima ya Umatengo hadi Mbinga, na kutoka Mbinga kilometa zipatazo 100 hadi Songea. Nani atathubutu kuahidi saa nne na nusu?

Hatusemi mashine zisiletwe. Tunasema mashine ikija peke yake itakuwa mashahidi wa mazishi tu. Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu: mashine za gharama kubwa kuliko zote, baada ya miaka yote hii ya utafiti, zimetuambia kwamba wokovu wa wengi umo katika kifaa cha bei nafuu kuliko vyote. Eko na siti-skani zimethibitisha kwamba njia ya kiharusi huanzia kwenye shinikizo la damu lisilopimwa na lisilotibiwa. Kulipima ni kazi ya dakika tano. Kulitibu, kwa walio wengi, ni vidonge vya kila siku visivyo vya bei kubwa. Taifa linaloweza kununua mashine ya kuona maafa lakini likaacha zahanati bila kifaa cha kuyazuia limegeuza mambo chini juu.

5. UTAFITI UNA DENI

Neno sasa kwa wanaotafiti na kwa wanaowapa vibali. Utafiti wa tiba nchini hupata kibali kwa usimamizi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Nalo Tamko la Helsinki la mwaka 1964, ambalo madaktari wa dunia wamelirekebisha mara kadhaa, linadai kwamba jamii inayochunguzwa inufaike na elimu inayopatikana kwayo.

Matokeo ya Dar es Salaam na Hai yalichapishwa mwaka 2010 kwa Kiingereza katika jarida la kitabibu la London. Hatuwalaumu watafiti kwa hilo. Walifanya kazi njema na ngumu, na bila wao tungebaki na neno "ghafla". Lakini tunauliza: ni nani aliyepewa jukumu la kuyaleta matokeo hayo kwa Kiswahili hadi Mbaha? Wakulima waliohojiwa juu ya wafu wao, wazee waliolazwa ili vifua vyao vipigwe picha, waliitoa miili yao kwa ajili ya elimu. Elimu hiyo ni mali ya umma. Kuifungia katika majarida ni sawa na kuvuna shamba la kijiji na kupeleka mavuno yote mjini.

6. NA SISI KANISA TUJIULIZE

Haki inaanzia nyumbani. Parokia zetu zinajua kuchanga. Tunachangia harusi, jubilei, mabati ya kigango na gari la padre. Msiba mmoja huwalisha watu kwa siku kadhaa, na ng'ombe huchinjwa bila mjadala. Mashine ndogo ya kupimia presha ni nafuu kuliko ng'ombe huyo. Basi kwa nini tunapata fedha za kumlilia mtu na hatukupata za kumpima? Jibu ni kwamba msiba unaonekana na watu, bali presha haionekani. Lakini Kanisa linaloamini mambo yasiyoonekana halina udhuru huo.

Tukumbuke yule mwenye kupooza katika Injili ya Marko. Walimbeba watu wanne, na walipokuta njia imezibwa na umati hawakurudi nyumbani wakisema ni mapenzi ya Mungu. Walibomoa paa. Bwana aliitazama imani yao, yaani imani ya wale waliobeba. Jumuiya zetu zimeitwa kuwa wale wanne.

7. TUNADAI NINI

Kwanza, kila zahanati na kituo cha afya cha mwambao kiwe na kifaa cha kupimia shinikizo la damu kinachofanya kazi, na vidonge vyake visikauke. Mgonjwa wa presha akikosa dawa mwezi mmoja, moyo wake hausubiri bajeti ya mwezi ujao.

Pili, kila mtu mzima anayefika zahanati kwa sababu yoyote apimwe presha na kushikwa mshipa wa mkono ili mapigo yasiyo na mpangilio yagunduliwe. Kipimo kikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, aandikishwe na kufuatiliwa.

Tatu, kipimo cha eko kifike mara kwa mara katika hospitali zilizo karibu nasi, za Serikali na za madhehebu, kwa kuwaleta wataalamu kwa ratiba inayojulikana. Picha imfuate mgonjwa, badala ya mgonjwa kuuza shamba ili aifuate picha.

Nne, watoto wenye maumivu makali ya koo watibiwe mapema na kikamilifu.

Tano, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, itekelezwe kwa namna ambayo mvuvi na mkulima wa Nyasa watapata dawa za presha na vipimo vya moyo bila kuombaomba.

Sita, madiwani na mbunge waulizwe mambo haya hadharani, kwa majina ya zahanati na kwa tarehe, wala wasijibu kwa ahadi ya mashine pekee.

Nasi wenyewe tujitoze haya. Kila parokia inunue walau kifaa kimoja cha kupimia, na wahudumu wa afya wenye ujuzi walio miongoni mwa waamini wakitumie baada ya Misa, angalau Jumapili moja kila mwezi. Tupunguze chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, tukihesabu na ile iliyomo ndani ya samaki waliokaushwa kwa chumvi. Tuache tumbaku. Aliyepewa vidonge asiviache anapojisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya vidonge hivyo. Na kila nyumba ijifunze ishara tatu: uso uliopinda, mkono usioinuka, maneno yasiyoeleweka. Ukiziona, usichanje chale, usimpe chakula wala kinywaji, usimpe aspirini kwa kubahatisha. Mlaze kwa ubavu, kumbuka saa dalili zilipoanza, mkimbize kwenye matibabu.

8. NENO LA MWISHO

Tutaendelea kufa, hilo ndilo fungu la wana wa Adamu. Lakini tuache kudanganyana juu ya sababu. Siku nyingine mtakapoandika historia ya marehemu aliyeanguka kwa kiharusi, msiandike kwamba alifariki ghafla. Andikeni ukweli: "Marehemu hakuwahi kupimwa." Sentensi hiyo itasomwa kando ya kaburi, nayo itawachoma mwenyekiti wa kijiji, diwani, padre, na mtoto wa marehemu aliye mjini. Pengine, kwa kuchomwa huko, wa pili wake atapimwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mwaka uliopita, ni watu wangapi wa jumuiya yetu walioanguka kwa kiharusi? Ni wangapi kati yao waliokuwa wamepimwa presha kabla?

2. Je, zahanati ya kijiji chetu ina kifaa cha kupimia presha kinachofanya kazi? Nani atakwenda kuuliza, na lini atatuletea jibu?

3. Yuko mtu katika kijiji chetu anayetengwa kwa kusingiziwa kwamba alimroga mgonjwa wa kiharusi? Jumuiya itamtetea namna gani?

4. Katika michango yetu ya msiba, tunaweza kutenga kiasi gani kwa ajili ya kuwalinda walio hai?